Kujitengenezea Mfumo wa Kushusha na Kupunguza Tanga Kuu katika Mashua Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu mashua ya mlingoti mmoja yenye urefu wa mita 3.5 hadi 5, ambayo tanga lake kuu ni la pembe tatu na ukingo wake wa chini umeshikwa na mti unaotoka mlingotini kuelekea tezi, yaani nyuma ya mashua. Mti huo nitauita foromali, ingawa wanaotumia matanga ya kienyeji wamezoea kuliweka jina hilo kwenye mti wa juu. Henza ni kamba ya kutwekea tanga, demani ni kamba ya kuliongozea, goshi ni pembe ya chini ya mbele, na pembe ya chini ya nyuma nitaiita pembe ya demani.

Mfumo huu unajumuisha nini hasa?

Unajumuisha kamba, kapi (puli za kupitishia kamba) na vishikizo (vya kukazia kamba) vinavyomwezesha mtu aliyeketi mahali pake kulishusha tanga kuu kwa kiasi fulani, kulikaza upya likiwa dogo, na kulitweka tena upepo ukilegea. Neno la kuzingatia hapo ni "aliyeketi". Katika mashua ya kilo mia moja na ushee, uzito wa mwili wa baharia ndio unaoizuia isipinduke, kwa hiyo mtu anayesimama na kwenda mlingotini wakati upepo umechachamaa anauondoa uzito huo mahali unapohitajika na kuupandisha juu. Kila uamuzi utakaoufanya kuhusu kapi na kamba upimwe kwa swali moja tu: je, utanilazimu kuondoka nilipoketi?

Kweli mashua ndogo namna hii inahitaji kupunguziwa tanga? Si inatosha kulegeza demani?

Kulegeza demani kunatosha kwa pumzi moja ya upepo inayopita. Hakutoshi kwa saa nzima, kwa sababu tanga linalopigapiga huchakaa haraka, hupiga kelele inayomkosesha mtu utulivu, na huirudisha mashua nyuma badala ya kuisukuma mbele. Isitoshe, nguvu ya upepo haiongezeki sawa kwa sawa na mwendo wake, bali huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo huo: upepo ukipanda kutoka noti 10 (yaani maili 10 za baharini kwa saa) hadi noti 14, msukumo juu ya tanga unakaribia kuwa maradufu. Katika kipimo alichokibuni Francis Beaufort wa jeshi la majini la Uingereza mwaka 1805, upepo wa daraja la 4 ni wa noti 11 hadi 16, na dalili yake ni mapovu meupe yanayoonekana mara nyingi juu ya mawimbi. Kwa baharia aliye peke yake katika mashua nyepesi, huo ndio wakati wa kupunguza, na asiyekuwa na uzoefu apunguze mapema zaidi.

Wanaodhani kwamba jambo hili ni la vyombo vikubwa tu wakumbuke kwamba mwaka 1963 Frank Dye na mwenzake walivuka kutoka Scotland hadi Iceland kwa Wayfarer, mashua ya wazi yenye urefu wa mita 4.8 hivi, iliyochorwa na Ian Proctor. Simshauri mtu afanye hivyo. Ninachosema ni kwamba safari ya aina ile haifikiriki bila njia ya uhakika ya kulipunguza tanga.

Nipunguze tanga kwa kiasi gani?

Kwa tanga la pembe tatu hesabu ni rahisi. Ukubwa unaobaki ni mraba wa uwiano wa urefu unaobaki. Chukua tanga lenye ukingo wa mbele wa mita 4.5. Ukilishusha kwa sentimita 60, zinabaki mita 3.9, yaani asilimia 87 hivi ya urefu wa awali, lakini eneo linalobaki ni asilimia 75 tu. Sentimita 60 nyingine zitakuacha na asilimia 54. Kwa hiyo daraja moja ya sentimita 60 inaondoa robo ya tanga, na daraja mbili zinaondoa karibu nusu. Daraja ya kwanza isiwe ndogo kuliko hapo. Kupunguza kidogo sana ni kazi isiyo na faida, kwani utajikuta unarudia zoezi lilelile baada ya dakika kumi, umechoka na umelowa.

Kila daraja huwa na pete mbili tangani, moja kwenye ukingo wa mbele na moja kwenye ukingo wa nyuma, zinazokuwa goshi na pembe ya demani mpya. Pete ya nyuma iwekwe juu kidogo kuliko msitari ulio sambamba na ukingo wa chini, ili foromali inyanyuke kidogo tanga likipunguzwa. Ikiteremka, itakutafuta kichwa kila unapogeuza mashua.

Nitumie kamba moja inayovuta pembe zote mbili, au kamba mbili tofauti?

Hili ndilo swali linalozua ubishi mkubwa kuliko yote, na jibu langu ni kamba mbili.

Mfumo wa kamba moja unavutia kwenye karatasi. Kamba inafungwa mwisho wa foromali, inapanda hadi kwenye pete ya ukingo wa nyuma, inashuka kwenye kapi, inakwenda mbele kandokando ya foromali, inapanda tena hadi kwenye pete ya ukingo wa mbele, kisha inashuka hadi kwenye kishikizo. Unavuta mara moja, na pembe zote mbili zinateremka. Shida ni kwamba kila mahali kamba inapojipinda panakula sehemu ya nguvu ya mkono wako. Pete ya chuma isiyo na roda (kigurudumu cha ndani ya kapi) inakula nyingi kuliko kapi, na pete mbili kati ya hizo zinaipinda kamba nusu duara nzima. Kinachofika kwenye pembe ya demani, ambako ndiko nguvu inakohitajika zaidi, ni masalio. Mara nyingi goshi hushuka na kukaza kabla ya pembe ya demani kufika, na wewe huna namna ya kuvuta moja bila nyingine. Hesabu urefu wa kamba pia: kwa daraja ya sentimita 60, kila pete inataka sentimita 120 za kamba, kwa sababu kamba inapanda na kushuka, kwa hiyo jumla ni mita 2.4 za kuvutwa na kuhifadhiwa mahali fulani miguuni pako.

Katika mfumo wa kamba mbili, ya nyuma inafuata njia ileile lakini inaishia kwenye kishikizo kilicho ubavuni mwa foromali, karibu na mlingoti au katikati, popote mkono wako unapofika. Ya mbele inaweza kufungwa moja kwa moja kwenye pete ya goshi na kushuka hadi kwenye kapi dogo chini, hivyo kwamba inahitaji sentimita 60 tu za kuvutwa. Unakaza ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, kila moja kwa kadiri yake, na ukingo wa chini wa tanga unakuwa bapa kama inavyotakiwa katika upepo mkali. Gharama yake ni kishikizo kimoja cha ziada.

Kama mlingoti unafikika kwa mkono kutoka unapoketi, unaweza hata kuiacha kamba ya mbele na kutumia kulabu pale foromali inapoungana na mlingoti, ukaichomeka pete humo. Hakuna kamba inayoshinda kulabu kwa kutotatizika.

Kapi la nyuma liwekwe wapi juu ya foromali?

Usilipime kwa macho. Tandaza tanga mashua ikiwa nchi kavu, siku isiyo na upepo, lishushe hadi daraja unayotaka, funga goshi, kaza henza, kisha vuta pembe mpya ya demani kwa mkono hadi tanga likae sawasawa bila mikunjo. Tia alama kwenye foromali chini kabisa ya pete. Kapi linakaa sentimita chache nyuma ya alama hiyo, ili kamba ivute chini na nyuma kwa wakati mmoja. Likikaa mbele ya alama, tanga litajaa tumbo wakati ambapo unalitaka liwe bapa. Likikaa nyuma mno, kamba itavuta nyuma tu na pembe itaning'inia hewani juu ya foromali.

Upande mmoja wa foromali pawepo kapi, na upande wa pili pawepo mahali pa kufungia ncha ya kamba, palipo mkabala nalo. Wengine huifunga ncha hiyo kwa kuizungusha foromali nzima kwa kitanzi, na kitanzi hicho hujitafutia chenyewe mahali pake. Njia hiyo naipenda kwa sababu inasamehe makosa ya kipimo.

Je, ni lazima nitoboe foromali?

Si lazima, na mwanzoni ni kosa. Funga kila kitu kwa kamba nyembamba kwanza: kapi lifungwe kwa mizunguko minne au mitano iliyokazwa, na kishikizo kifungwe juu ya kibao kidogo. Safiri hivyo kwa majuma kadhaa, na uhamishe vitu kila unapogundua kwamba mkono haufiki au kamba inasugua. Foromali yangu ya kwanza ina matundu saba yaliyozibwa, yote ya siku moja ambayo nilijiona fundi.

Ukiisha kuridhika na mahali, foromali ya alumini itobolewe kwa ajili ya ribiti za milimita 4.8, tundu likiwa la milimita 4.9. Usipange matundu kuizunguka foromali katika mstari mmoja, kwani hapo ndipo itakapovunjikia. Yatawanye kwa kufuata urefu wake. Foromali ya mbao ni afadhali iendelee na vifungo vya kamba, na kama ni lazima itobolewe, kila tundu lipakwe vanishi au gundi ya epoksi ndani kabla ya skrubu kuingia, maji yasipate njia.

Naweza kuchanganya chuma kisichoshika kutu na alumini?

Unaweza, mradi zisigusane moja kwa moja. Maji ya chumvi yakikaa kati ya metali hizo mbili, alumini ndiyo inayoliwa, na utaona unga mweupe ukijikusanya chini ya kifaa. Weka kipande cha plastiki nyembamba kati yao, au upake dawa ya kutenganisha metali kwenye matundu na chini ya kifaa kabla ya kukaza.

Kamba za aina gani zinafaa?

Poliesta iliyosukwa, ya milimita 5 au 6, inatosha kwa kazi zote hizi. Nguvu yake inazidi kwa mbali mzigo uliopo, na unene huo unachaguliwa kwa ajili ya kiganja kuliko kwa ajili ya tanga, kwani kamba ya milimita 3 hukata mkono. Nailoni haifai kwa henza wala kwa kupunguzia, kwa sababu inanyumbuka, na tanga lililokazwa likiwa nchi kavu litakuwa limelegea likifika majini. Kamba ya polipropilini huelea, lakini jua huidhoofisha upesi. Chagua rangi tofauti kwa kila kazi. Usiku au mvuani, rangi inasaidia kuliko kumbukumbu.

Henza iletwe hadi nilipoketi?

Ndiyo. Kama utaleta kamba moja tu, basi iwe hiyo, kwa kuwa kupunguza kote kunaanza kwa kulegeza henza. Inashuka mlingotini, inapinda kwenye kapi la chini, na inarudi nyuma hadi kwenye kishikizo cha meno.

Kapi hilo la chini linahitaji uangalifu. Kamba inayopinda pembe mraba inalivuta kapi kwa nguvu ya mara 1.4 ya nguvu iliyo ndani ya kamba, na sehemu ya mvuto huo inaelekea juu. Likifungwa kwenye sitaha nyembamba ya faiba au mbao, litaing'oa au kuipasua. Lifunge kwenye mlingoti wenyewe, karibu na kitako chake, ambako mvuto wa juu wa kapi unakutana na mgandamizo wa chini wa mlingoti na kutulizana.

Tia alama kwenye henza kwa uzi wa rangi ulioshonwa ndani ya kamba: alama moja ya tanga zima na moja kwa kila daraja. Alama ikifika kwenye kishikizo, unajua tanga limeshuka kiasi kinachotakiwa bila hata kuinua macho.

Naweza kushona pete mpya mwenyewe kwenye tanga?

Ndiyo, kwa subira. Pete ya goshi na ile ya pembe ya demani ndizo zitakazobeba mzigo wote wa tanga lililopunguzwa, kwa hiyo kila moja iwekewe viraka vya kitambaa cha tanga, tabaka tatu au nne zinazozidiana ukubwa ili mzigo usambae taratibu badala ya kuishia ghafla kwenye ukingo wa kiraka. Shikiza viraka kwa utepe wenye gundi pande mbili kabla ya kushona, la sivyo vitateleza chini ya sindano. Tumia uzi wa poliesta unaostahimili jua na mshono wa kwendakombo, ambao hunyumbuka pamoja na kitambaa.

Pete za shaba za kugongwa kwa nyundo huweza kung'oka zikivutwa upande mmoja. Iwapo huna zana za kushonea pete imara, pitisha utepe mpana wa poliesta ndani ya pete ya chuma, ukunje utepe pande zote mbili za tanga, kisha ushone ncha zake kwa mistari mingi juu ya viraka. Haipendezi sana, lakini inashika.

Vifungo vidogo vya katikati vina kazi gani?

Kukusanya kitambaa kilicholegea, basi. Havibebi mzigo. Tanga nyingi zinazochanika wakati wa kupunguzwa huchanikia hapo, ama kwa sababu vifungo vilikazwa kabla ya pembe ya demani kuvutwa, ama kwa sababu vilisahauliwa wakati wa kulitweka tanga tena. Utaratibu ni huu: vya katikati hufungwa mwisho na kufunguliwa mwanzo. Vifungwe kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha moja, na kama ukingo wa chini wa tanga hautambai ndani ya mfereji wa foromali, vipitishwe kati ya tanga na foromali badala ya kuizunguka foromali. Katika tanga dogo, mara nyingi vifungo viwili vinatosha.

Kila nikishusha tanga, ukingo wa mbele unatoka wote kwenye mfereji wa mlingoti na kitambaa kinanifunika. Nifanyeje?

Shona vitelezi vya plastiki kwenye ukingo wa mbele, kimoja kila sentimita 50 hivi, viingie mfereji badala ya kamba ya ukingo. Tanga likishuka, vitelezi vitabaki mlingotini vimepangana. Weka kizuizi kwenye mlango wa mfereji ili visitoke. Angalia jambo moja kabla ya kushona: vitelezi vilivyopangana vina kimo chake, na vinaweza kuizuia pete ya goshi isifike chini. Ikitokea hivyo, pete ishikwe kwa kamba fupi inayofikia kulabu, au kile kitelezi kilicho karibu na pete kiondolewe.

Tanga likigoma kushuka, sugua mshumaa kwenye mfereji. Usitumie grisi, kwani hushika mchanga na kulichafua tanga. Kamba nyembamba ya milimita 3 kutoka kileleni mwa tanga hadi chini, ya kulivutia chini, ni nyongeza ndogo inayolipa siku ya shida.

Kamba za kudakia tanga pande zote mbili za foromali zinafaa?

Kwa tanga la chini ya mita za mraba sita au saba, sioni haja. Zinanasa fito za tanga wakati wa kutweka na zinaongeza vitu vya kupiga kelele mlingotini. Anayezitaka kwa sababu husafiri peke yake na azifanye ziweze kulegezwa na kuvutwa hadi mlingotini kabla ya kutweka.

Kwa nini nisiviringishe tanga kwenye foromali?

Inawezekana ikiwa demani imefungwa mwisho kabisa wa foromali kwa kiungo kinachozunguka. Hata hivyo, tanga likishaviringishwa hupati mahali pa kufungia kamba inayoizuia foromali isinyanyuke, ukingo wa nyuma hujikusanya vibaya, na ncha ya foromali huteremka. Mashua kama Laser, ambayo mlingoti wake umevikwa tanga la mfuko na haushikwi na kamba za pembeni, ina njia yake: tanga huzungushwa kwenye mlingoti mara moja au mbili kabla ya kuondoka ufukoni. Hiyo ni njia ya nchi kavu zaidi kuliko ya majini.

Nikiwa majini, nifuate utaratibu gani?

Tuliza mashua kwanza: elekea karibu na upepo, vuta tanga dogo la mbele upande wa upepo, legeza demani, na usukume kana (mpini wa usukani) upande usio na upepo. Mashua nyingi zitasimama hapo zikipeperuka polepole. Kisha legeza kamba inayoikaza foromali kwa chini. Ukiisahau hiyo, pembe ya demani haitashuka hata uvute kwa meno. Shusha henza hadi kwenye alama, shika goshi, kaza henza tena hadi ukingo wa mbele uwe na mkunjo mmoja wima, ndipo uvute kamba ya nyuma hadi pete ikutane na foromali. Kaza tena kamba ya chini, rudisha tanga la mbele, vuta demani.

Fanya zoezi hili nchi kavu hadi mikono iweze kulifanya macho yakiwa yanatazama mbele. Likichukua zaidi ya dakika mbili, kuna kamba inayokwama mahali, itafute.

Kamba hizi zote si zitaninasa mashua ikipinduka?

Zinaweza, na ndiyo sababu nashauri ziwe chache na fupi. Ncha zilizobaki ziingizwe kwenye mfuko wa wavu uliofungwa ubavuni, zisiachwe zikielea kama vitanzi. Kishikizo chochote kiwe kinaachia kamba hata ikiwa imekazwa sana. Kuwa na kisu mahali unapokifikia kwa mkono wowote.

Nikishiriki mashindano?

Soma kanuni za daraja la mashua yako kabla ya kutoboa chochote. Madaraja mengine huruhusu kila kitu, mengine hukataza hata kapi moja la ziada.

Matunzo yake ni yapi?

Suuza kapi na vishikizo kwa maji baridi kila baada ya safari ya maji ya chumvi. Mwisho wa kila msimu geuza kamba ncha kwa ncha, ili sehemu iliyokuwa ikisuguliwa na pete ihame. Kagua ribiti kwa kidole: inayocheza hata kidogo ing'olewe na kubadilishwa, kwa kuwa tundu lake litazidi kupanuka kila safari hadi ribiti ya kipimo kile isishike tena.